Shida ya Tumbo

Mwanangu aliumwa tumbo kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote sikumbuki siku hata moja aliyojishika tumbo akalia. Hilo peke yake lingetosha kunizindua. Mtoto anayeumwa tumbo hujikunja, hukataa uji, hununa. Wangu alikula kama mchunga ngamia aliyetoka Sericho kwa miguu, kisha akakimbia nje kucheza. Lakini mama yake alikuwa akiniambia, kwa sauti ya chini na macho yakiwa sakafuni, "Mtoto iko na shida ya tumbo," nami nilikuwa nikienda dukani kununua dawa ya minyoo.

Nilinunua dawa ya minyoo ya kila aina. Vidonge vya waridi vya kutafuna, maji meupe yanayonuka chaki, mafuta ya mbarika ambayo ilibidi nimbane pua ndipo ayameze. Nikamwambia mke wangu, kwa kiburi cha mtu aliyesomea mambo ya mifugo, kwamba hakuna mnyoo hapa duniani unaoweza kustahimili dozi hizo. Hakujibu. Nilidhani amekubali.

Nilikuwa msaidizi wa mifugo kwenye uwanja wa serikali nje kidogo ya mji wa Isiolo, mahali ambapo wanyama waliotoka kaskazini na mashariki walikaa wiki kadhaa wakichunguzwa kabla ya kuruhusiwa kuuzwa kusini. Kazi yangu hasa ilikuwa madume. Kabla dume hajachaguliwa kuwa wa mbegu, lazima mtu aingie nyuma yake, ainame, atie mkono katikati ya miguu na kupapasa korodani. Ziko mbili? Zinalingana? Zimeshuka? Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipapasa mafahali, mabeberu, kondoo, hata ngamia, ambaye ukizubaa anakung'oa nywele. Aliyefaa nilimwacha apite. Asiyefaa nilimpaka rangi nyekundu mgongoni, na rangi hiyo ilikuwa na maana moja tu, kichinjioni. Watu wa soko la mifugo walinibandika jina, Daktari wa Makende, wakaliita hadharani bila haya. Mimi nilicheka. Mke wangu, kila alipolisikia kwenye foleni ya bomba, alijifunika ushungi usoni akarudi nyumbani na ndoo nusu.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili katika mtaa wa Bulla Pesa, katika ploti yenye vyumba vingi na choo kimoja. Tulikuwa mimi, mke wangu na mama yangu, ambaye tulimleta kutoka Kulamawe baada ya ukame kumaliza ng'ombe wake. Tulimwita ayyo, yaani mama, na hata majirani Wameru walimwita hivyo. Mke wangu alikuwa amezaa wasichana wawili, na surua ikawachukua wote wawili katika mwezi mmoja. Kisha katikati ya miaka ya sabini akamzaa huyu wa kiume, akatoka damu siku tatu, na hospitalini wakamwambia hatashika mimba tena. Basi tukabaki na mmoja. Kila asubuhi baada ya swala, ayyo alimwombea kwa sauti ya kusikika ploti nzima: Mungu amlinde huyu, kwa maana jina la mume wangu liko kwake.

Ukuta kati yetu na jirani ulikuwa wa mabati, na karibu na jiko palikuwa na tundu linaloingia kiganja. Jirani huyo alikuwa mama Mmeru aliyeuza kabichi na viazi sokoni, mtu wa kanisa kila Jumapili na mdomo usio na kufuli siku zile nyingine sita. Yeye na mke wangu walipitishiana pale chumvi, kiberiti, vitunguu na habari. Mara kadhaa nilichukua nyundo na kipande cha bati nikitaka kuliziba. Mke wangu, ambaye hakuwahi kunikatalia jambo, alinikatalia hilo.

Sasa nieleze nilichokifanya, kwa sababu bila hicho haya mengine hayaeleweki.

Sisi wafugaji hatuoni aibu kutaja mwili wa mnyama. Utautaja mbele ya mama, mbele ya mkwe, mbele ya shehe, na hakuna atakayekohoa. Wa binadamu ndio haufunguliwi mdomo. Mtoto alikuwa na miezi mitatu hivi. Tulikuwa tunakula, nami nikawa nasimulia habari za kazini kama kawaida yangu. Mzee mmoja alikuwa ameleta kondoo dume mzuri ajabu, kichwa cheusi, mkia umejaa mafuta, akamsifu hadi mate yakamkauka. Nikainama nikapapasa. Hamna kitu. Nikamwambia mzee, mzigo wake umebaki tumboni, haukushuka. Mzee akasema basi angoje utashuka. Nikamjibu, "Dume mwenye mzigo tumboni si dume, ni kitoweo," nikampaka rangi.

Ayyo alicheka mpaka akashika mbavu. Nilirudia maneno hayo mara mbili ili wacheke tena. Mke wangu alikuwa ameketi kando, anamkanda mtoto kwa samli, na mkono wake ulisimama. Niliuona ukisimama. Nilidhani anasikiliza hadithi.

Baada ya hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba mtoto ana shida ya tumbo.

Alinipa neno hilo tena na tena, kwa miaka. Aliniambia nilipokuwa navaa viatu, aliniambia niliporudi safari ya kuchanja ngamia Sericho, vumbi hata halijanitoka. Siku moja aliongeza, "Tumbo hapa chini," akajigusa mkanda wa gauni, kisha ayyo akaingia, naye akageuka kuchochea moto. Nilimpeleka mtoto kwa dresa, yule mhudumu wa zahanati. Dresa akauliza ana nini. Nikasema tumbo. Akambonyeza kitovu, akamtazama ulimi, akatupa dawa ya minyoo, nami nikarudi nimeridhika kwamba sayansi na mimi tumekubaliana.

Wavulana wa rika lake walipofika miaka sita, saba, wakatahiriwa. Wakavaa vikoi, wakanywa maziwa, wakatembea miguu panda wakijidai wanaume. Wangu alibaki. Kila nilipotaja jambo hilo mke wangu alisema bado tumbo, akipona. Watoto wa ploti walianza kumwita jina baya. Ayyo alinuna. Nikaona aibu, na aibu yangu nikaigeuza hasira, maana hasira ndiyo nguo iliyonikaa vizuri siku zote.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini alikuja mtafiti kutoka chuo kikuu, mtu wa upande wa mlimani, mrefu na mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulimwita Daktari tu, naye alipewa stoo ya zamani pale uwanjani akaifanya maabara. Alitaka korodani za wanakondoo na wanambuzi wa kila umri, tangu waliochinjwa wakiwa tumboni mwa mama zao hadi walioanza kupanda. Nani azilete? Daktari wa Makende. Asubuhi nilipita kichinjioni na kopo, nikarudi nalo limejaa, na watu wa soko hawakuhitaji tena kutunga utani.

Alinifundisha kazi. Kipande kwanza hulala ndani ya fomalini, kisha huzamishwa katika nta, kisha hukatwa kwa mashine vipande vyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, kisha hutiwa rangi ya zambarau na ya waridi na kulazwa juu ya kioo. Mara ya kwanza nilipotia jicho kwenye hadubini nilibaki pale mpaka shingo ikaniuma. Kumbe kitu nilichokuwa nikikipima kwa vidole kama mtu anayechagua nyanya kilikuwa na ndani. Kilikuwa na mirija, mingi, imejisokota, na kila mrija ukiukata unaona duara. Ukingoni mwa duara zilipangana seli ambazo Daktari aliziita walezi. Katikati ya walezi zilikaa chache za mviringo, zenye kiini kikubwa, na hizo ndizo zingekuja kuwa mbegu.

"Hizi changa hazijui kitu," aliniambia. "Mlezi ndiye huzilisha. Ndiye huziambia zikue lini na zingoje lini."

"Anaziambia namna gani? Ako na mdomo?"

Alifungua bahasha akatoa picha nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kwa mashine kubwa ambayo Isiolo haikuwa nayo. Alinionyesha mahali kuta za seli mbili zimekaribiana kabisa, zikawa kama mistari miwili iliyobanwa. Pale, alisema, kuna vitundu ambavyo hadubini yetu haiwezi kuviona. Kila seli hupanga protini sita kwa duara, katikati zikaacha nafasi, ikawa nusu ya bomba. Seli jirani nayo hupanga sita zake. Nusu hii ikiikuta nusu ile, mlango umepatikana, na vitu vidogo sana hupita kutoka ndani ya huyu kuingia ndani ya yule bila kutoka nje. Mlezi huzungumza na mlezi mwenzake hivyo, na mlezi na mbegu hivyo.

"Kama tundu la mabati kwa nyumba yangu," nikasema. "Mke yangu na jirani wanapitisha chumvi."

Alifurahi sana. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyefika maabara aliambiwa habari za mabati yangu.

Alichotafuta ni kujua mazungumzo hayo huanza lini katika korodani inayokua, na ni nini huyavunja. Ndiyo maana siku moja aliniomba wale madume niliokuwa nawapaka rangi, wenye mzigo tumboni. Tulikata, tukatia rangi, tukatazama. Katika wale wadogo mambo yalikuwa karibu sawa na ya wenzao. Katika wakubwa kidogo, zile seli za mviringo zilikuwa zimepungua. Katika wakubwa zaidi ilikuwa mirija mitupu, duara baada ya duara.

"Joto la tumbo," Daktari alisema. "Hizi haziwezi joto la ndani, zinakufa moja moja. Na mimi nashuku kwamba kabla hazijafa, mazungumzo hukatika. Lakini kushuku si kujua." Akafuta miwani. "Hata watoto wa watu huzaliwa hivi. Wakipasuliwa mapema, zikashushwa mahali pake, kuna tumaini. Wakingoja sana, mh."

"Maskini watoto wa watu," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Nimeyakumbuka maneno hayo kila siku ya maisha yangu. Niliyasema nikiwa nasafisha kioo, kisha nikaenda nyumbani nikampa mwanangu kijiko cha mafuta ya mbarika.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa likizo ya shule. Mtoto alikuwa ametimiza miaka tisa. Ayyo alikuwa amenisema mbele ya wageni, nami nikaapa sitalala na mtoto asiyetahiriwa katika nyumba yangu wiki nyingine. Nilikwenda nikaongea na dresa, nikarudi kumchukua, ayyo akiwa ametoka kutembelea jamaa. Mke wangu alisimama mlangoni akashika miimo yote miwili.

"Bado," akasema. "Tumbo."

"Tumbo gani hiyo haina mwisho?" Nilipaza sauti hadi kuku wakaruka. "Miaka tisa! Hata ng'ombe ya Sericho hainywi dawa hivyo!"

Hakusogea. Nilinyoosha mkono nimwondoe, na hapo sauti ikatoka ukutani, karibu na jiko. Ilikuwa ya jirani.

"Baba, kwani wewe hujui? Si wewe ndio daktari ya hizo vitu? Hebu shika mtoto yako vile unashika mbuzi."

Mke wangu aliachia miimo, akakaa chini pale pale kizingitini, akajifunika uso.

Nilimwita mtoto chumba cha pili nikamwambia avue kaptura. Alivua. Sikuwa nimemtazama tangu alipokuwa mchanga, na hata wakati huo kumwogesha ilikuwa kazi ya mama yake, ambaye hakumwachia hata ayyo. Nilipiga magoti. Mkono wangu ulijua kabla mimi sijakubali. Mfuko ulikuwa mtupu, pande zote mbili, ngozi laini isiyowahi kubeba kitu. Nilipandisha vidole kwenye kinena. Kushoto palikuwa na kitu kama punje ya kunde kilichoteleza nilipokigusa. Kulia hapakuwa na chochote. Nilijaribu tena, nikajaribu tena.

Mtoto alikuwa akinitazama kichwani. Alizoea kuja uwanjani siku za Jumamosi, aliijua kazi yangu hatua kwa hatua.

"Baba," akasema, "utanipaka rangi?"

Nakumbuka nilimvalisha kaptura na kumfunga kifungo kama mtoto wa miaka miwili, kisha nikatoka nje nikashika ukuta wa choo nikalia. Nililia kwa sauti. Watu wa ploti waliingia vyumbani mwao wakafunga milango, heshima ambayo nawashukuru hadi leo.

Niliporudi nilimgeukia mke wangu. Ningeweza kumgeukia nani mwingine? Nilimwambia alimficha mtoto wangu. Nilimwambia mficha uchi hazai, Waswahili walisema, na yeye alisikia akaona ni maneno ya kupita. Aliniacha nimalize. Kisha kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu alinitazama machoni.

"Mimi niliambia wewe," akasema. "Kila mwezi niliambia wewe."

"Uliniambia tumbo!"

"Na wewe ulisema nini? Ulisema mzigo imebaki tumboni. Wewe ndio ulisema tumboni, siku ile ya kondoo. Mimi sikujua neno ingine ya kusema mbele ya mama yako. Nikachukua neno yako. Nikasema, huyu anajua, ni kazi yake, akisikia tumbo ataelewa." Aliinuka kutoka kizingitini. "Halafu naona analeta dawa ya minyoo. Nikasema basi, ameelewa. Amesema ni kitoweo. Anatibu yeye kama kitoweo, dawa ya minyoo anenepe tu."

Miaka tisa mwanamke huyu aliamini kwamba mimi najua. Aliamini nimemhukumu mwanawe siku ile ile tukiwa kwenye sinia, nikacheka, nikaendelea kula. Alilala na mtu wa namna hiyo, akampikia, akamfulia kanzu ya Ijumaa. Na kila aliponiambia tumbo alikuwa ananiomba nibadilishe hukumu.

Ile methali nayo ilikosea mtu. Walioficha ni sisi, na atakayekosa kuzaa ni yeye.

Siku ya tatu tulipanda lori lililokuwa likipeleka kondoo milimani, mimi na mtoto tumekaa mbele na dereva. Daktari wangu wa hadubini alikuwa ameandika barua kwa mpasuaji anayemfahamu katika hospitali moja ya huko juu. Kulikuwa na baridi. Mpasuaji alisoma barua, akampima mtoto nyuma ya pazia, akatoka akinawa mikono.

"Kwa nini mmechelewa hivi?"

"Tulikuwa tunatibu minyoo," nikasema.

Alinitazama kuona kama nafanya mzaha, akaona si mzaha. Alisema atafungua pande zote mbili, ataona. Ile ya kushoto huenda ikashuka. Ya kulia kama imesinyaa ataiondoa, maana kuiacha ndani ni hatari. Nikamuuliza kama wanaweza kuchukua moja yangu wampe. Nilisema ninazo mbili, nzima, nimezaa nazo watatu, moja inanitosha. Muuguzi aliyekuwa karibu aligeuka upande. Mpasuaji aliniambia kwa upole haifanyiki, si kama kuweka kiraka kwenye tairi. Nikasema hata kama ni zote mbili. Akaniambia nikakae kwenye benchi.

Kwenye benchi hilo nilimwahidi Mungu vitu nisivyokuwa navyo. Nilimwahidi kufunga, nikamwahidi Hija, nikamwahidi kwamba sitafanya utani tena maishani. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama. Niliwakumbuka wale kondoo wakubwa tuliowakata maabara na nikajaribu kukumbuka ni nani kati yao aliyekuwa na kitu, hata mmoja, hata mrija mmoja, nikawa nahesabu miduara kichwani kama mwendawazimu.

Ya kushoto ilishushwa, ikashonwa mahali pake. Ya kulia iliondolewa.

Nilimwomba mpasuaji anipe. Nilisema dini yetu inataka kiungo cha mtu kizikwe, na hilo ni kweli. Nilichonyamazia ni kwamba nilitaka pia kipande chake. Aliniwekea katika kichupa cha fomalini, kikafungwa kwa plasta. Kilikuwa kidogo kuliko cha mwanambuzi wa mwezi mmoja. Nilisafiri nacho mfukoni, upande wa moyo, mtoto amelala kichwa juu ya paja langu. Njiani aliamka akauliza, "Baba, tumbo yangu imepona?" Hata yeye hakuwa na neno jingine. Sisi ndio tulimpa hilo.

Daktari hakutaka niifanye kazi hiyo mwenyewe. Alisema ataifanya yeye, aniambie baadaye. Nilikataa. Nikakata nta kwa mkono wangu, nikatia zambarau, nikatia waridi, nikalaza kioo. Alisimama nyuma yangu kidogo, kisha akatoka nje akaniacha.

Nilizungusha lenzi mpaka picha ikatulia. Niliona miduara. Ukingoni walikuwepo walezi, wamepangana vizuri, bega kwa bega, kila mmoja mahali pake. Katikati hapakuwa na kitu. Nikasogeza kioo. Duara jingine, walezi, hakuna kitu. Nikasogeza tena. Nilivijua vile vitundu nisivyoweza kuviona, nilijua viko pale kati ya mlezi na mlezi, vimefunguka au vimefungwa, sijui. Nikawa nawaza labda bado wanazungumza wao kwa wao, wanaulizana yule waliyepewa wamlee yuko wapi. Nilimaliza kioo cha kwanza, nikamaliza cha pili. Kwenye cha tatu nilidhani nimeona moja ya mviringo, nikapiga kelele. Daktari akaja mbio, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Ilikuwa tone la rangi.

"Ya kushoto inaweza kuwa tofauti," aliniambia. "Ilikuwa imeshuka kidogo. Haikukaa katika joto lile."

"Tutajuaje?"

Alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na siku hiyo niliuchukia ukweli wake. "Hatuwezi kuifungua kuangalia," akasema. "Mtajua akioa."

Kilichobaki nilikizika nyuma ya ploti, karibu na ua wa miiba, nimekifunga kwa kitambaa cheupe. Nilinawa mikono kwenye bomba. Mtu mmoja wa soko alipita akaniita kwa lile jina langu, na nilimwitikia kama kawaida.

Nyumbani ayyo alikuwa ameketi juu ya ngozi yake, mtoto amelala kando yake akila sukari. Mke wangu alikuwa jikoni. Upande wa pili wa mabati hapakuwa na sauti ya sufuria wala ya kijiko, kwa hiyo nilijua jirani naye amesimama anasikiliza. Mke wangu alijua nilikotoka. Alisimama na mwiko mkononi, na akaniuliza mbele ya wote, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kuvua nguo hadharani.

"Umeona nini?"

Nilikuwa nimepanga kusema. Tangu kwenye lori nilikuwa nimeapa kwamba katika nyumba hii kila kitu kitaitwa kwa jina lake. Nilimtazama mama yangu, jinsi alivyoinua uso na meno yake mawili yaliyobaki. Nikamtazama mtoto na mdomo wake wenye sukari.

"Tumbo limepona," nikasema.

"Alhamdulillahi!" Ayyo aliinua mikono. "Sasa atahiriwe, akue, aoe. Hata kama mimi nimekufa, watoto yake waje wasome dua kwa kaburi yangu."

Mke wangu hakuondoa macho usoni kwangu. Alingoja mpaka ayyo akamaliza kushukuru, kisha akasema polepole, bila ukali hata kidogo:

"Kumbe hata wewe unajua kusema tumbo."